Jiko la Mabamba: Miaka 500 ya Kusubu, Kufungua na Kufufua

Fundi anayepokea jiko kuukuu la kuni la chuma cha kusubu haanzi kwa kusugua kutu. Huanza kwa kulifungua. Hulegeza bolti zilizogandamana na nati zake, akizipasha moto na kuzitia mafuta mpaka zikubali, kisha hutenga kifuniko, mbavu mbili, uso, mgongo, kitako na wavu uliobeba makaa. Kazi hiyo ikiisha, jiko lililohitaji watu wanne kulibeba huwa mabamba yaliyolazwa chini kwa mpangilio, kila moja na namba yake ya chaki. Kufunguka huku ni urithi. Kulianza Ulaya ya kati mwishoni mwa karne ya 15, mafundi wa kusubu walipoanza kuunda jiko vipande vipande, na kila zama iliyofuata iliukuta mpango huo, ikautumia kwa haja zake na kuupitisha mbele. Anayefufua jiko leo anaendeleza kazi iliyokuwamo ndani ya jiko tangu siku lilipotoka kwenye mchanga.

Chanzo cha yote ni tabia ya chuma chenyewe. Chuma safi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1538 za Selsiasi, kiwango ambacho tanuru nyingi za kale hazikukifikia. Kwa sababu hiyo, katika sehemu kubwa ya dunia, wahunzi walitoa tanuruni bonge lililolainika bila kuyeyuka, wakalifua kwa nyundo mpaka likatoa takataka zake. Ndivyo walivyofanya Wahaya wa Kagera, na ndivyo walivyofanya Wafipa kwa tanuru zao za udongo zilizopita kimo cha mtu. Njia ya pili ni kukiacha chuma kinywe kaboni nyingi ya mkaa, kati ya asilimia 2 na 4. Hapo huyeyuka kwenye nyuzi 1150 hadi 1200 hivi, hutiririka, na huweza kumiminwa kwenye kalibu. Wachina waliijua njia hii kufikia karne ya 5 kabla ya Kristo, wakasubu masufuria na majembe, huku Ulaya ikiendelea kufua kwa zaidi ya miaka 1500. Chuma cha kusubu hustahimili mzigo na joto, na hulitunza joto muda mrefu baada ya moto kufifia. Lakini ndani yake mna vipande vyembamba vya grafiti vinavyokikatakata, hivyo hakipindiki. Kikipigwa au kikipoa ghafla, hupasuka. Uimara huo na udhaifu huo ndio utakaotuongoza katika karne zote zinazofuata.

Ulaya ilipoingia karne ya 15, magurudumu ya maji yalikuwa yameanza kuendesha mivukuto mikubwa, na tanuru zikarefuka. Katika mabonde ya Siegerland, Eifel na Hesse, nchi ambayo leo ni Ujerumani, chuma kilichoyeyuka kilianza kutoka kwa wingi. Soko la kwanza lilikuwa la vita, yaani mizinga na risasi zake. La pili lilikuwa la nyumbani. Majira ya baridi ya kaskazini ni marefu, misitu ilikuwa ikipungua karibu na miji na migodi, na moto wa wazi ulipeleka sehemu kubwa ya joto lake dohani. Katika robo ya mwisho ya karne hiyo likatokea jiko la mabamba matano: mbavu mbili, uso, kitako na kifuniko. Halikuwa na mgongo. Upande wa nyuma uliingizwa ukutani, na kuni zilitiwa kupitia tundu kutoka chumba cha pili, kwenye meko ya kupikia, na moshi ukarudi hukohuko. Chumba cha familia kikapata joto bila masizi, jambo ambalo kabla ya hapo lilipatikana kwa majiko ya vigae tu.

Kwa nini mabamba? Kwa sababu kalibu ya siku zile ilikuwa mchanga uliosawazishwa sakafuni mbele ya tanuru. Fundi alichukua ubao uliochongwa picha, akaukandamiza kwenye mchanga wenye unyevu, akauinua, kisha akaachia chuma kitiririke na kujaza shimo lile. Kwa namna hiyo huwezi kutoa umbo lenye uvungu. Unatoa kitu bapa chenye picha upande mmoja. Mabamba yalishikanishwa kwa vyuma vya kukaza, na maungio yakazibwa kwa udongo wa mfinyanzi. Chuma hutanuka kikipata moto na hujikunja kikipoa, na maungio yale yaliyolegea kidogo yaliyaachia mabamba nafasi ya kusogea bila kuvunjana. Udongo ndio uliopasuka na kudondoka badala yake, na kila mwaka kabla ya baridi mwenye nyumba aliukanda upya na kuusiliba. Matengenezo ya jiko yalizaliwa siku moja na jiko.

Karne ya 16 iliyapa mabamba sauti. Matengenezo ya Kanisa yaliyoanzishwa na Martin Luther mwaka 1517 yalitaka Neno lifike kila nyumba, na ubavu wa jiko ulikuwa mahali ambapo macho ya familia yalitua jioni nzima. Mchongaji Philipp Soldan wa Frankenberg, Hesse, alichonga mbao zilizotumiwa kusubia mabamba yenye arusi ya Kana na muujiza wa mafuta ya mjane. Baadhi ya kazi zake zilihusiana na Haina, monasteri ambayo mtawala Philip wa Hesse aliigeuza kuwa hospitali ya maskini mwaka 1533, na ambayo ilikuwa na karakana zake za chuma. Ubao mmoja wa Soldan uliweza kutoa mabamba mengi, na bamba lililopasuka liliweza kurudishwa kwa ubao uleule. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha historia yote hii. Chuma kilikuwa nakala. Asili ilikuwa ubao. Mradi ubao ulihifadhiwa, hakuna jiko lililokufa.

Karne ya 17 ilieneza tanuru zaidi kuliko ilivyobadilisha jiko. Bærums Verk karibu na Oslo ilianza mwaka 1610, na Norwe, yenye misitu mingi na madini ya chuma, ikawa nchi ya majiko ya chuma. Ng'ambo ya Atlantiki, huko Massachusetts, tanuru ya Saugus iliwaka mwaka 1646, nayo ilifungwa kabla karne haijaisha. Badiliko kubwa lilisubiri mwanzo wa karne ya 18 nchini Uingereza. Abraham Darby alipata hataza ya kusubu vyungu vyembamba kwa mchanga mwaka 1707, na mwaka 1709, huko Coalbrookdale, aliyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza ili kuondoa salfa. Tangu hapo chuma cha kusubu hakikufungwa tena na ukubwa wa msitu. Kalibu nayo ilitoka sakafuni ikaingia kwenye sanduku la vipande viwili, juu na chini, na mabamba yakawa membamba, mepesi na yenye nyuso mbili safi.

Wahamiaji wa Kijerumani walipovuka bahari kwenda Pennsylvania walibeba kumbukumbu ya jiko la mabamba matano. Tanuru ya kwanza ya koloni hilo, iliyojengwa karibu na mwaka 1720, iliitwa Colebrookdale kwa heshima ya ile ya Darby, na miongoni mwa bidhaa zake yalikuwamo mabamba ya majiko. Huko jiko lilianza kutembea. Lilipewa mgongo likawa la mabamba sita; likatolewa ukutani, likasimamishwa kwa miguu katikati ya chumba, na moshi wake ukapelekwa dohani kwa bomba. Kufikia miaka ya 1760 lilikuwa na mabamba kumi na tanuri dogo tumboni, na hapo ndipo upishi ulipoingia rasmi ndani ya chombo kilichokuwa cha kuota moto.

Katikati ya mageuzi hayo alisimama Benjamin Franklin. Mapema katika miaka ya 1740 alibuni meko ya chuma iliyoupitisha moshi njia ndefu, ukipanda kisha ukishuka nyuma ya bamba kabla ya kuingia dohani, ili joto libaki chumbani. Alikieleza chombo hicho katika kijitabu cha mwaka 1744, na mabamba yake yalisubiwa na rafiki yake Robert Grace. Gavana George Thomas alitaka kumpa hataza. Franklin alikataa, akisema kwamba kwa kuwa tunafaidi uvumbuzi wa wengine, tunapaswa kuutoa wa kwetu bila malipo. Kifaa chenyewe kilikuwa na kasoro: moshi haupendi kushuka, na dohani ikiwa baridi ulirudi chumbani. Watumiaji waliifungua meko, wakatoa bamba la ndani, wakaifunga tena. Kilichobaki na jina la Franklin ni umbo rahisi zaidi kuliko lile alilochora. Fundi wa leo anayekuta tundu lililozibwa ndani ya jiko la karne ya 18 lazima akumbuke hayo kabla ya kulizibua, maana huenda kizibo kile ni sehemu ya historia zaidi kuliko tundu.

Mwishoni mwa karne hiyo Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, Mmarekani aliyemtumikia mtawala wa Bavaria, aliupima moto kwa macho ya mwanafizikia na kuonyesha jinsi uwazi mdogo na njia finyu ya moshi unavyookoa kuni. Wanorwe, kwa upande wao, walikuwa wamepandisha jiko ghorofa kwa ghorofa, vyumba vya chuma vilivyopangwa juu ya kisanduku cha moto, moshi ukizunguka kila kimoja na kuacha joto lake njiani. Lakini mambo haya yote yalikuwa bado ya tanuru za mashambani. Hopewell, tanuru ya Pennsylvania iliyoanzishwa mwaka 1771, iliyategemea mno mabamba ya majiko katika miaka ya 1820 na 1830. Mkaa, madini, mchanga na kalibu vilikuwa mahali pamoja, na mnunuzi aliishi mwendo wa siku moja au mbili kwa gari la farasi.

Karne ya 19 ilivunja ujirani huo. Tanuru ndogo ya kuyeyushia upya vipande vya chuma, ambayo John Wilkinson aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1794, iliruhusu kusubu kufanyike mjini, mbali na mgodi. Mfereji wa Erie ulipokamilika mwaka 1825, miji ya Albany na Troy katika jimbo la New York ilijikuta kwenye njia panda: chuma kiliingia kwa mashua, majiko yakatoka kwa mashua kwenda magharibi. Chini ya ardhi ya Albany kulikuwa na mchanga laini wa asili unaoshika umbo kwa usahihi, na mchanga huo ndio uliowezesha maua, mizabibu na malaika wa ukubwa wa ukucha kutokea kwenye chuma. Eliphalet Nott, mkuu wa Union College, alipata hataza kadhaa za majiko ya makaa ya mawe magumu. Philo Penfield Stewart, mmisionari na mmoja wa waanzilishi wa Oberlin, alipata hataza ya jiko la kupikia mwaka 1834, kisha likatengenezwa Troy kwa miongo mingi.

Kilichofuata ni wingi usio na mfano. Kila kampuni ilitoa maumbo mapya msimu hadi msimu, kwa kuwa pambo jipya liliuza kuliko moto bora. Miaka ya 1870 na 1880 nikeli inayong'aa ilivishwa kwenye kingo, vishikizo na miguu. Milango ilitiwa madirisha ya ulanga, madini yaleyale ambayo baadaye, enzi ya Wajerumani, yalichimbwa katika milima ya Uluguru, kwa kuwa ulanga huonyesha mwali na hauyeyuki wala haupasuki kwa joto kama kioo. P. D. Beckwith alianzisha huko Dowagiac, Michigan, mwaka 1871, kazi ya majiko ya Round Oak. Detroit ikawa mji wa majiko kabla haijawa mji wa magari. Katika maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893 kampuni ya Michigan Stove ilisimamisha jiko la mbao lenye kimo cha mita 7 na ushee, lililochongwa kwa sura ya jiko lake la Garland. Jiko hilo lilidumu hadi lilipoungua mwaka 2011.

Nyuma ya pambo hilo kulikuwa na watu. Msubu wa majiko alipiga magoti siku nzima kwenye mchanga, akakandamiza, akainua, akarekebisha kingo kwa kijiko, na jioni akabeba chuma kilichoyeyuka kwa mikono. Bamba lililopasuka likipoa mara nyingi halikulipwa. Kutoka kwa watu hao kilitoka kimoja cha vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu zaidi Marekani, kilichoundwa Philadelphia mwaka 1859, na William H. Sylvis, msubu wa majiko, akawa kiongozi wake. Baada ya migomo mingi, chama hicho na umoja wa wenye viwanda vya majiko walifikia mapatano ya kitaifa mwaka 1891, miongoni mwa ya kwanza ya aina yake nchini humo. Ninapoona alama ya kidole iliyoganda nyuma ya bamba la zama hizo, mahali ambapo mnunuzi hakutazamiwa kuangalia, huona haki kumtaja mtu yule kabla ya kumtaja mwenye kampuni.

Zama hizo za viwanda zilileta kwa urekebishaji jambo moja jema na moja baya. Jema ni kwamba kila kipande kilisubiwa na jina la jiko, namba yake na mara nyingi mwaka wa hataza, hivyo mkulima wa Kansas aliyeunguza wavu wake aliandika barua akataja namba, na kipuri kikafika kwa reli. Baya ni kwamba, kwa maelfu ya miundo na mbao za mfano zilizokaa mbali katika bohari za kampuni, mwenye jiko hakuwa tena jirani wa ubao wake. Kampuni ikianguka, jiko linaachwa yatima. Nyumbani, wakati huohuo, utunzaji ulizidi kuwa kazi ya wanawake na watumishi. Kila juma jiko lilipakwa grafiti, madini yaleyale ya kalamu ya risasi, likasuguliwa kwa brashi mpaka likang'aa weusi. Nyufa na maungio yakazibwa kwa saruji iliyotengenezwa kwa sodiamu silikati. Nathaniel Hawthorne alilalamika mwaka 1843 kwamba jiko limeufungia moto gerezani, na Henry David Thoreau, katika kitabu chake cha mwaka 1854, aliona kwamba jiko la kupikia lilimnyang'anya mwenzi. Waliolipaka grafiti kila Jumamosi hawakuachiwa nafasi ya kuandika maoni yao.

Uskoti nayo ilisubu kwa ajili ya himaya. Kampuni ya Carron, iliyoanzishwa mwaka 1759 karibu na Falkirk, na Falkirk Iron Company ya mwaka 1819 zilipeleka vyungu na majiko kila bandari. Jiko la kuni la aina ya Dover, dogo, la miguu mifupi, lilienea mashambani Afrika Kusini, na baada ya reli ya Mombasa kufika Kisumu mwaka 1901, likapanda pia hadi kwenye nyumba za walowezi wa nyanda za juu za Kenya. Aliyewasha moto wake alfajiri, akazoa jivu lake na kujua ni mlango upi unaovuja hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa mpishi Mwafrika, na ujuzi wake wa kulituliza jiko la chuma kwa kuni za mkalitusi mbichi na kavu haukuandikwa katika kitabu chochote cha kampuni.

Karne ya 20 ililishusha jiko kutoka kila upande. Gesi ilishika miji. Joto la kati, lenye mabomba ya maji ya moto kutoka chumba cha chini, liliondoa majiko ya vyumbani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1936 ya kupeleka umeme vijijini ilifika hata kwa wakulima waliokuwa wateja wa mwisho. Katika vita vya pili vya dunia serikali ziliomba chuma chakavu, na majiko mengi yakatoka sebuleni yakarudi tanuruni. Mbao za mfano, zilizohitaji bohari kubwa na hazikuwa na mnunuzi, zilitupwa au zikachomwa, na hasara hii ninaiona kubwa kuliko ya majiko yenyewe. Desemba 1952 ukungu wa moshi wa makaa uliifunika London na kuua maelfu, na mwaka 1956 Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi. Chombo kilichosifiwa karne nyingi kwa kuondoa moshi chumbani sasa kilishtakiwa kwa moshi wa nje.

Si kila tanuru ilizimika. Mwaka 1922 Gustaf Dalén, Mswidi mwenye Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1912, ambaye alikuwa amepofuka katika mlipuko, alibuni jiko zito la kupikia la chuma cha kusubu liitwalo Aga, na mabamba yake yalikuja kusubiwa Coalbrookdale, mahali palepale pa Darby, mpaka karakana ilipofungwa mwaka 2017. Denmaki, kwenye kisiwa cha Mors, kampuni ya Morsø ya mwaka 1853 haikuacha kusubu. Norwe nayo ilikuwa na Jøtul, yenye asili ya mwaka huohuo, na jiko lake refu lililoteketeza kigogo taratibu kutoka ncha moja hadi nyingine.

Kampuni hizi ndizo zilizokuwa tayari Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta na bei ikapanda mara nne ndani ya miezi michache. Wamarekani na Wazungu walikumbuka kuni. Vermont Castings ilianza mwaka 1975 huko Randolph, Vermont, ikiuza jiko la Defiant, na maelfu ya majiko ya kale yalitolewa mabandani. Huu ndio mwanzo wa ufufuaji kama kazi ya kulipwa na kama shauku. Ulianza kwa makosa pia. Majiko mapya yalizibwa kwa kamba ya asbesto. Wengi waliufunga moto kwa kubana hewa ili udumu usiku kucha, na moto ulionyimwa hewa ulitoa lami iliyoganda dohani na kuwaka baadaye, nyumba zikaungua. Mwaka 1988 shirika la mazingira la Marekani liliweka kiwango cha kwanza cha moshi kwa majiko mapya, kikakazwa tena mwaka 2015. Norwe, kuanzia mwaka 1998, ilitaka majiko mapya ya kuni yawe ya uchomaji safi.

Katika hali hiyo ndipo anapofanya kazi fundi wa leo, akiwa mrithi wa zama zote zilizotajwa. Jiko likishafunguliwa, kila bamba huning'inizwa na kugongwa kwa nyundo ndogo. Bamba zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Ufa usioonekana hutafutwa kwa mafuta ya taa: hupakwa, hufutwa, kisha bamba hunyunyiziwa unga wa chaki, na mafuta yaliyojificha hujitokeza kwa mstari mweusi. Kamba yoyote ya kale hudhaniwa kuwa ya asbesto mpaka ipimwe. Haitimuliwi vumbi, haichanwi kwa mkono mtupu. Kutu huondolewa kwa brashi ya waya au kwa umeme ndani ya maji yenye magadi, njia ambayo haili chuma. Kupiga mchanga kwa shinikizo ni haraka zaidi, lakini mkono mzito unaweza kufuta kwa dakika chache mshipa wa jani uliochongwa siku nzima na mtu aliyekufa zamani.

Ufa ndio mtihani. Kuchomelea chuma cha kusubu kama chuma cha kawaida huzaa ufa wa pili pembeni mwa wa kwanza, kwa sababu sehemu iliyopata moto hutanuka na jirani yake baridi haisogei. Hivyo bamba zima hupashwa polepole, ufa huchomelewa kwa vijiti vya nikeli kidogokidogo, kisha bamba hufukiwa kwenye jivu au mchanga mkavu lipoe kwa saa nyingi. Wengine hushona bila moto wowote: hutoboa matundu kando ya ufa, wakapigilia vipande vya chuma vinavyofungamana. Lakini kuna chuma kisichorudi. Bamba lililokaa miaka mingi karibu na makaa, likiiva na kupoa maelfu ya mara, huvimba na kuoza ndani, na hakuna kijiti kitakacholishika. Hilo husubiwa upya.

Hapo fundi hurudi kwenye swali la Soldan: ubao uko wapi? Ukiwa umepotea, bamba kuukuu lenyewe hutumiwa kama mfano, limeunganishwa kwa muda na kulainishwa kwa nta. Lakini chuma hunywea takriban asilimia 1 kikipoa, hivyo nakala ya bamba la sentimita 60 hutoka fupi kwa zaidi ya nusu sentimita, na tundu la bolti halikutani na mwenzake. Wachonga mifano wa karne ya 19 walitumia rula zilizorefushwa makusudi kwa kiasi hicho. Anayenakili leo hujaza kingo za mfano kwa nta au ubao mwembamba, au hulipiga bamba picha ya pande zote kwa mashine, hulikuza kwenye kompyuta, na kuchapa kalibu ya mchanga moja kwa moja. Teknolojia hii inanipa matumaini kuliko zote, kwa kuwa inarudisha ubao karibu na jiko: picha ya bamba moja inaweza kuhifadhiwa kwa gharama ndogo, mahali ambapo bohari zima la mbao lilishindwa. Mwisho maungio huzibwa kwa saruji ya moto, milango kwa kamba ya nyuzi za kioo, bolti mpya hukazwa bila kubanwa mno, na moto wa kwanza huwa mdogo, wa vijiti, ukiongezwa siku kwa siku.

Sheria nayo imeanza kuamua lipi ni la kale. Jimbo la Oregon, Marekani, tangu mwaka 2010, huagiza jiko lisilothibitishwa kwa kiwango cha moshi liondolewe na kuharibiwa nyumba inapouzwa, lakini huliachia lile lililotengenezwa kabla ya mwaka 1940 likiwa na mapambo na thamani ya pekee. Mpaka huo una busara yake, maana moshi wa kuni ni hatari kwa mapafu na majiko ya kale hayakuundwa kuuteketeza. Lakini umeacha nje kizazi kizima. Majiko ya miaka ya 1970, yaliyosubiwa na watu waliojifunza upya ufundi uliokuwa umekaribia kupotea, sasa yanakaribia umri wa miaka 50 au yameupita. Kwa hewa ya leo ni machafu, kwa sheria bado ni machanga, na programu za kubadilisha majiko huyapeleka kwenye chuma chakavu kwa mamia pamoja na mabamba yake mazima. Sitetei yaendelee kuwashwa. Natetea machache ya kila muundo yafunguliwe, yapimwe, yapigwe picha bamba kwa bamba na kuwekwa makumbusho, kama yale ya Bærums Verk yanavyowekwa, kabla ya kupelekwa tanuruni.